Felismina Aliyefundishwa Adabu

Felismina alikuwa mhudumu wa zahanati, na mdomo wake haukuwa na mlango. Ukimpelekea jino bovu, alikwambia hata jino lenyewe limechoka kukaa na wewe. Alivuka Ruvuma na mama yake wakati vita vya Mreno vilipopamba moto, akafundishwa kufunga vidonda katika kambi ya wakimbizi, akaolewa na Adelino fundi seremala, Mmakonde mwenzake. Alipoanza kazi katika ile zahanati ndogo ya njia ya Madimba, wagonjwa walimlalamikia mwezi mzima. Baada ya hapo wakaanza kuja hata wasioumwa, wanakaa kwenye benchi la nje wanasikiliza.

Mgonjwa wake mkubwa alikuwa mzee Bwanali, Myao mwenye shamba la mikorosho. Tangu ujana alikuwa na donda kwenye muundi, linapona na kufumuka, linapona na kufumuka, mpaka mwisho likageuka kansa. Walimpeleka Dar es Salaam wakamkata mguu chini ya goti. Kazi ya kisu ilikwisha huko, lakini kidonda kilikuwa kizito kupona, na kulikuwa na matezi ya kinenani ya kupapaswa kila mara, maana yakivimba ujue kansa imerudi. Harufu ya kidonda kile iliwafukuza wengi. Felismina hakuwahi kuziba pua mbele yake hata siku moja.

Alichokuwa akifanya ni kumtukana. Mmakonde na Myao ni watani, na utani kule si mchezo wa kupoteza wakati, ni haki ya mtu.

"We Myao, bado upo?" alikuwa akimpokea mlangoni. "Mchele wa hitima yako umeshaingia wadudu kwa kukungoja!"

"Nitakuzika wewe kwanza, mla panya," anajibu Bwanali huku akishushwa kwenye baiskeli na binti yake Sharifa. "Na huo uso wako wenye chale nani atauosha? Watu watadhani ni mlango uliochongwa."

"Utakufa wewe! Na siku hiyo nitasimama mlangoni pako, jeneza halitoki mpaka watoto wako wanipe kuku. Jogoo. Sitaki kifaranga."

Basi bandeji inafunguliwa, kidonda kinaoshwa, mzee anauma meno na kutukana, na wanapomaliza wote wawili wametoka jasho na wanacheka.

Dar es Salaam Bwanali alikuwa ameapa harudi. Si kwa sababu ya kisu. Katika wodi ile, alisimulia, hakuna aliyekuwa akimjua, na wauguzi walipita mbio mbio hawana hata neno. Kisha jioni moja muuguzi mmoja akaja kwenye kitanda cha jirani yake, akakaa, akasema kwa sauti ya asali, "Shikamoo baba, umeshindaje mzee wangu?" Asubuhi kitanda kile kilikuwa kitupu. Bwanali akaliweka hilo moyoni.

Mwaka wa sabini na tatu ikaja habari kwamba zahanati chache za vijijini zitakaguliwa, na zitakazofaa zitapewa kibali cha kuwaangalia wagonjwa wa kansa waliokwisha kukatwa. Zitaletewa dawa za kutosha, za maumivu pia. Zitakazoshindwa, wagonjwa wake watakwenda kuangaliwa Dar es Salaam, mvua inyeshe au jua liwake.

"Mkikosa hicho kibali," alisema Bwanali, "nichimbieni tu hapa kwenye mikorosho. Siendi." Na Felismina alijua mzee hatanii, maana alikuwa na kichwa kigumu kuliko korosho mbichi.

Hassani, mganga wa zahanati, alikuwa mtu mwema na mwoga. Alipaka kuta chokaa, akakata majani, akachemsha vyombo mpaka vikapauka. Kisha akamwita Felismina pembeni.

"Dada, sasa limebaki jambo moja. Wewe."

"Mimi nimefanya nini, mganga?"

"Mkaguzi atasikiliza lugha tunayowapa wagonjwa. Ukimtajia Bwanali jeneza mbele ya mgeni wa serikali, kibali tutakisikia kwa wenzetu. Sema naye kwa adabu. Na usimwonye, maana ataangua kicheko mbele ya mkaguzi."

Felismina akaona ni kweli. Alikuwa tayari kumeza hata shubiri kwa ajili ya kibali kile. Jioni akaenda kujaribu adabu nyumbani. Adelino alikuwa anapiga randa ubao.

"Shikamoo, mume wangu. Pole na kazi. Umeshindaje?"

Adelino akaiweka randa chini. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umeunguza nini?"

Hapo ndipo alipotakiwa kushtuka. Hakushtuka. Alidhani tatizo ni la Adelino.

Siku ya ukaguzi Landrova ikaleta mama mmoja wa makamo, Bibi Francisca, muuguzi wa siku nyingi, mwenye miwani na asiyependa maneno mengi. Alitazama dawa, akatazama maji, akanusa bandeji, akaitikia kwa kichwa. Hassani akaanza kupumua. Kisha ikasikika kengele ya baiskeli, na Bwanali akaingia ameegemea bega la Sharifa, tusi la siku hiyo likiwa tayari mdomoni.

Felismina akamwendea, akainama kidogo, akamshika mkono.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema kwa sauti laini. "Umelalaje, baba? Pole sana."

Tusi likamkauka Bwanali mdomoni. Akamtazama Felismina, akamtazama Hassani aliyekuwa akitabasamu kama aliyebanwa na mlango, akamtazama yule mama mgeni mwenye miwani. Akaliachia bega la Sharifa, akakaa chini.

"Kumbe ndiyo leo," akasema.

"Karibu kitandani, baba," Felismina akaongeza, akidhani mambo yanakwenda vizuri.

"Sharifa!" Bwanali akamvuta binti yake. "Mwanangu, sikiliza. Mikorosho ya bondeni ni yenu wote, msigombane. Mbuzi mweusi mchinjeni kwa hitima. Baiskeli msimpe mjomba wako, hajui breki." Machozi yakaanza kumtoka. Akamgeukia Felismina. "Na wewe Mmakonde, nisamehe. Habari ya panya nilikuwa nasema tu. Hata mimi nimewahi kula. Ni mtamu."

Watu wa benchi la nje wakasimama. Kukiri kitu kama hicho mbele za watu, basi mtu kweli anakufa.

Bibi Francisca akauliza kwa ukali, "Nani amemwambia mzee huyu kwamba anakufa?"

"Hakuna, mama! Hakuna!" Hassani akadakia.

"Huyu hapa," Bwanali akasema, akimnyooshea Felismina kidole. "Ameniamkia."

Felismina akamtazama Hassani, naye akatikisa kichwa: usithubutu. Akifungua mdomo, kibali kitakwenda, na bila kibali mzee atakwenda kuozea chini ya mikorosho yake. Lakini Bwanali alikuwa bado analia mbele yake. Adabu ikamshinda.

"Funga bakuli lako, we Myao!" akafoka. "Nani amekupa ruhusa ya kufa? Nimekuosha huo mguu masika na kiangazi, sasa unafunga vizuri, unataka ukamwonyeshe nani huko kaburini? Matezi yako wiki iliyopita niliyashika mwenyewe, yamelala! Na huyo mbuzi mweusi nimemsikia. Nitamla, lakini si leo!"

Bwanali akapangusa pua. "Yamelala kweli?"

"Yamelala kama wewe siku ya kupalilia!"

Mzee akavuta pumzi ndefu. Rangi ikamrudia. "Mla panya we," akasema, na benchi la nje likalipuka kwa kicheko.

Hassani alikuwa ameegemea ukuta, chokaa yote imemhamia mgongoni. Bibi Francisca akavua miwani, akaifuta polepole, akachuchumaa mbele ya mgonjwa.

"Mzee, wewe mwenyewe unataka uhudumiwe vipi?"

"Huyu anitukane, mama. Asiponitukana silali."

Mama yule akaomba aone bandeji ikifunguliwa, akakaa mpaka mwisho, matusi yote akayasikia. Alipoondoka alimwambia Hassani kwamba wasio watani wa Felismina wapewe lugha ya kawaida, na Bwanali apewe yake. Kibali wamepata.

"Safari njema, mama yangu, Mungu akutangulie," Felismina akamuaga kwa unyenyekevu.

"Mama!" Bwanali akapiga kelele kutoka kitandani. "Dereva akague breki kwanza!"

Miaka miwili baadaye matezi yakaamka. Vidole vya Felismina ndivyo vilivyoyakuta, na hakumficha.

"Yameamka, Myao."

Bwanali akajifunika shuka. "Usije ukaniamkia."

"Nani akuamkie wewe?"

Hakumwamkia. Dawa ya maumivu ilikuja kwa kile kibali, naye aliipeleka mwenyewe mpaka shambani, na kila alipofika alimuuliza mbona anachelewesha watu na wali. Bwanali alikufa kitandani kwake, anaiona mikorosho yake kupitia mlangoni, akiwa katikati ya tusi ambalo hakulimaliza.

Siku ya mazishi wanaume walipoinua jeneza, Felismina alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akawatukana wafiwa wote, akamkataa kuku wa kwanza kwa wembamba, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Sharifa akaleta jogoo. Felismina akampokea, akambana kwapani, akasogea pembeni kuwapisha. Jeneza lilipofika usawa wake, akainama.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema.