Mshenga wa maua ya mkarela

Saa kumi na mbili asubuhi, mwanamke mmoja amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya chumba chake cha kupanga, akiozesha maua. Anachuma ua dume la mkarela, anang'oa petali zake, kisha analigusisha taratibu kwenye ua jike, lile lenye kikarela kidogo nyuma yake.

"Huku ni zege tupu, nyuki hawaji," anasema. "Hawa wasipooana, sisi hatuli."

Ndiyo maana majirani wanamwita Mshenga.

Mkarela wake umetambaa kwenye nyavu za dirisha hadi ukingo wa bati. Makarela, yale matunda machungu yenye vipele, huyauza mabichi, na kapu moja kwa siku ndilo linalolipa kodi ya chumba. Wateja wengi huyakamua maji na kuyanywa, wakisema yanawashushia sukari.

"Nawaambia kunyweni, lakini dawa za daktari msiache. Sitaki kesi mimi."

Leo hana raha. Mmea umezeeka, na maua yake siku hizi hunyauka kabla ya kushika tunda. Tegemeo lake ni karela moja aliloliacha likomae kwa ajili ya mbegu, akalifunga uzi mwekundu ili lisiguswe. Mbegu ya kwanza alipewa na marehemu mama yake siku alipohama nyumbani.

Anapapasa majani. Halipo.

"Baba Watoto!"

Mumewe, ambaye ndiye huzungusha kapu mtaani, anatoka na mswaki mdomoni. "Lile lenye uzi? Si uliliwekea alama ya mteja? Nikaona uzi, nikajua ni la fundi cherehani. Nilimpelekea juzi."

Mshenga anaketi juu ya ndoo. Machozi yanamtoka bila kificho.

"Mama hakuniachia kitu kingine," anasema.

Mumewe anatema povu, hajui atazame wapi. Kisha anavaa ndala na kutangulia njiani.

Dukani kwa fundi, karela lipo dirishani, kando ya vibunda vya uzi. Limegeuka rangi ya chungwa na kupasuka lenyewe, likionyesha mbegu zake zilizovikwa nyama nyekundu. Uzi bado umelizunguka kikonyo.

"Nile mimi?" fundi anacheka. "Uchungu ule sili hata mkinilipa! Nililiweka lipambe duka. Wateja wananiuliza nimelishona kwa mashine gani."

Mshenga anacheka huku akijifuta macho. Anazitoa mbegu moja moja na kuzifunga kwenye kipande cha kitambaa alichopewa na fundi. Mmoja wa miche, anaahidi, ataupanda chini ya dirisha hilo, ili siku nyingine mbegu ya mama isikae mahali pamoja.

Na uzi mwekundu?

Anaufungua kwenye kikonyo, anamvuta mumewe karibu na kumfunga kwenye kifundo cha mkono.

"Msimu ujao karela sitalifunga," anasema. "Wa kuwekewa alama ni huyu."