Ndama wa Mjomba wa Manga

Ninyi vijana mnaogombania chaja humu ndani, kila mtu "yangu, yangu", kaeni chini msome. Mimi shule niliachia darasa la pili. Lakini neno hilo nililisema sana nikiwa mdogo.

Miaka hiyo ya sitini tulikaa karibu na mpaka wa kabila letu na jirani zetu. Siku hiyo mama alikuwa anapalilia wimbi, mimi nachunga ndama wetu mwekundu. Nilimlea tangu azaliwe. Kaka yangu Mogaka akapita, akanichokoza kama kawaida.

"Huyo ni wa mjomba wa Manga. Wewe ni yaya wake tu."

"Ni wangu! Mjomba hajui hata sauti yake."

Kwetu mtu hakuweka ng'ombe wake wote boma moja, asije akawapoteza wote siku moja. Aliwagawia jamaa wamtunzie. Mtunzaji alikunywa maziwa, ng'ombe na ndama wake wakabaki wa mwenyewe. Baba alinieleza mara nyingi. Sikuelewa. Anayemlisha si ndiye mwenyewe?

Mchana ukapigwa ukemi, kelele za kuita msaada.

Watu wa ng'ambo, wale tuliokuwa tukibadilishana nao wimbi na maziwa, walitoka kwenye miti. Mishale. Mama akanivuta mtaroni.

Ndama akaenda nao.

Hakugeuka.

Nililia siku mbili, "Ndama wangu, ndama wangu." Wanaume walipojikusanya kwenda kurudisha mifugo, Mogaka alichukua upinde.

"Nyamaza, dada. Nakuletea wako."

Walimrudisha Mogaka juu ya matawi, amefunikwa blanketi. Nyuma waliswaga ng'ombe, na ndama mweupe mwenye shanga shingoni. Mzee mmoja akanipa kamba. "Shika. Huyu ndiye kaka yako aliyekuwa akikuletea."

Hakuwa yule. Shanga zile zilifungwa na mtoto fulani, naye pengine alikuwa analia vilevile. Nilimwita ndama, akanitazama tu. Nilimpenda, nikamchukia.

Baada ya matanga mjomba alikuja kutoka Manga. Alimlilia Mogaka kweli. Halafu akamchukua yule mweupe mahali pa mwekundu wake. Baba mwenyewe alimfungulia kamba. Nani alikosea hapo? Mpaka leo sijui ndama yule alikuwa wa nani: wa mjomba, wangu, wa mtoto wa shanga, au wa Mogaka. Najua tu nilikuwa nalilia kitu cha mtu, na kaka akanisikia.

Nilipopata boma langu niliamuru hivi: mtoto wa hapa akisema "changu", aulizwe kimetoka wapi. Asipojua, akiweke chini.