Kibati cha Upande wa Kushoto

Hasira ile ninayo mpaka leo, na sioni haya kuisema. Ilianzia kwenye kibati cha shaba kisichozidi upana wa vidole vitatu.

Nilikuwa fundi katika karakana moja ya Nachingwea, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kilimo cha karanga cha Wazungu kilipokuwa kimeshakwama na matrekta yamelala porini. Nasema nilikuwa fundi, lakini kipande changu cha kazi, karatasi ambayo kila mwajiri aliidai kabla ya kukupa kazi, kilisema vingine. Kiliandikwa "boi wa gereji". Nilitoka kwetu Nambilanje sijawahi kushika spana; miaka mitatu baadaye nilikuwa nafumua injini nzima na kuirudisha peke yangu, na bado nilikuwa boi.

Bwana mkubwa wa karakana alikuwa na gari la zamani sana, aliloliagiza kwa meli kutoka kwao. Alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, hadi skrubu ya mwisho. Akaniambia, "Likiwa sawasawa, mimi nitaandika fundi." Neno moja tu kwenye karatasi, na mimi nililitaka kama mgonjwa anavyotaka maji.

Basi nikafanya kazi. Kila bolti ya gari lile ilikuwa na alama ndogo ya kiwanda kichwani. Mwenzangu, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mwenye chale usoni, ndiye aliyezipa jina.

"Njomba, hizi chale," alisema. "Ukizifuta kwa msasa, nani atajua limezaliwa wapi?"

Nikamtania kuwa basi yeye na gari ni ndugu, maana wote wamechanjwa. Lakini nilimsikia. Bolti zote nilizisafisha kwa mafuta ya taa na kitambaa, nikazitia kwenye makopo ya jamu, kila kopo na mahali pake. Mikanda ya ngozi ya boneti niliishona kwa kufuata matundu ya zamani, tundu kwa tundu.

Kikabaki kibati chenye namba ya gari. Nilipokwangua rangi ya dashibodi nilikuta matundu yake mawili upande wa kushoto. Bwana akafungua kitabu cha kiwanda. Kwenye picha kibati kilikuwa kulia. Nikaitazama picha ile vizuri, nikaona usukani wake uko kushoto. Lile la pichani lilikuwa gari la nchi nyingine! Letu lilikuwa na usukani wa kulia, kwa hiyo na kibati kiwandani walikihamishia kushoto.

"Bwana, picha hii si ya gari hili. Tazama usukani."

"Wewe umesoma kitabu hiki?"

"Sijakisoma, Bwana. Nimelisoma gari."

Uso ukamwiva. Akachukua drili ya mkono, akatoboa mwenyewe matundu mawili mapya upande wa kulia, kwenye bati ambalo nilikuwa nimelihangaikia wiki nzima. Kila drili ilipozunguka nilihisi inanitoboa mimi. Kisha akaniamuru nizibe yale ya kushoto. Nikayaziba kwa nta na kupaka rangi juu yake. Nta tu, maana kuyaziba moja kwa moja kwa risasi ya kuyeyusha mkono wangu ulikataa.

Siku chache baadaye akaja mgeni, Mzungu mzee aliyewahi kuwa na gari kama lile. Alilizunguka, akapiga magoti, akapapasa vichwa vya bolti huku akitabasamu. Alipofika kwenye dashibodi tabasamu likakatika. Aliuliza kwa Kiingereza nani katoboa pale. Bwana wangu hata hakusita. Alininyooshea kidevu.

"Boi," alisema.

Nikachomoa bisibisi mfukoni, nikapita katikati yao, nikachokonoa rangi upande wa kushoto. Nta ikadondoka vipande vipande na matundu ya zamani yakaonekana.

"Boi alijua," nikasema kwa Kiswahili, polepole, ili mgeni anielewe. "Aliyetoboa ni huyu."

Mgeni akainama, akayatazama. Kisha akanigeukia. "Fundi, bolti hizi kafunga nani?"

"Mimi."

Fundi! Neno nililolisubiri miaka mitatu nilipewa na mtu asiyeshika kalamu ya kipande changu. Aliyeishika aliandika jioni ile ile: "Boi wa gereji. Mkaidi. Amefukuzwa."

Nikashika njia ya kwetu kwa miguu. Nilipofika Narung'ombe nilikaa chini, nikakitoa kipande, nikalikwangua lile neno boi kwa bisibisi mpaka karatasi ikatoboka. Gari la mtu nililitunzia kila chale. Hii niliyochanjwa mimi nilikuwa nataka ifutike, na baada ya hapo hakuna karakana iliyokubali kipande chenye tundu.