Niliiambia Simu Kabla ya Mwenyewe

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nikiwa mke mgeni huku milimani juu ya Gonja. Mama mkwe wangu, Namcheja, alinitoa jikoni nikiwa na unga mikononi, akaniingiza chumbani kwa shemeji yangu Sifueli. Humo nilikuta wazee wawili, Mzee Kiondo na Mzee Elinihaki, na mke wa Sifueli, Nakiete, ameketi kitandani na kitoto cha siku nane.

Nakiete alikuwa mke wa pili. Wa kwanza alifariki akamwachia Sifueli mtoto wa kiume, Kirema. Huyu Nakiete alipanda kwetu kutoka Bendera, kule bondeni, akiwa tayari na mimba ya mtu mwingine, na Sifueli alilijua hilo tangu mwanzo. Siku ile alikibeba kile kitoto akasema mbele yetu, "Huyu ni wangu. Anaitwa Eliapenda." Mbuzi akachinjwa, likaisha.

Utaniuliza mimi msichana wa miaka kumi na minane nilikuwa natafuta nini chumbani kwa wazee. Kwetu jambo kama lile huitiwa pia kijana mmoja mwenye kichwa cha kushika, ili wazee wakiondoka abaki mtu anayejua. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini jina nikilisikia mara moja haliniachi. Mpaka leo nakutajia watoto wote niliobatizwa nao, na mama zao.

Mama mkwe akaniambia, "Hawa wote utawazika, na mimi pia. Siku watoto wa huyu wakitaka kuoa au kuolewa kule Bendera kwenye mlango wa yule mwenye mimba, ukoo wa damu yao, utasema hapo hapana. Wakikuuliza kwa nini, chukua panga uende kuni."

Nilikuwa kijana, mwanangu, na kujua siri kulinipa kiburi. Haukupita mwaka, tukiwa kwenye msaragambo, watu wote tumetoka kuzibua tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kugawia maji mashambani, nikamtazama mtoto mgongoni kwa Nakiete, nikasema kwa sauti, "Jamani, haya masikio ya huyu yametoka upande gani?" Wanawake wakacheka. Nakiete aliinama akaendelea kuchota tope.

Nyumbani mama mkwe hakunipigia kelele. Alinipa kigoda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Umepewa kitu cha mtu ukishike, wewe unakichezea mbele za watu. Leo wamecheka. Siku nyingine hawatacheka, na mimi sitakuwepo kukuziba mdomo."

Nikajifunza. Miaka zaidi ya hamsini nilishika. Wazee wale niliwazika, mama mkwe nikamzika, Sifueli na Nakiete nao. Binti wa Eliapenda alipoposwa na kijana wa Bendera, nikauliza ni wa mlango gani, nikasema, "Hapo hapana." Maneno mawili tu. Posa ikarudi, hakuna aliyeaibika, na Eliapenda mwenyewe alinitania, "Mama mdogo, wewe ni serikali."

Sasa sikiliza nilivyokuja kuharibu nikiwa mzee, na mvi zangu.

Mjukuu wangu Neema amesomea mambo ya kompyuta. Mwaka juzi alikuja na simu mpya akasema, "Bibi, tunatengeneza akili mnemba ya ukoo. Wewe unasimulia, yenyewe inashika. Baadaye mtoto yeyote wa kwetu, awe Dar, awe Ulaya, anaiuliza, inamjibu kwa sauti yako. Kwa Kichasu, lugha yetu, na kwa Kiswahili."

Nikamwuliza, "Inakula nini?"

"Umeme tu, Bibi."

"Basi imenishinda. Mimi nakula na bado nasahau nilipoweka miwani."

Tukacheka. Akaiweka mezani, akaniambia niongee nitakavyo, akaenda zake kumsaidia mama yake kuvuna tangawizi. Siku tisa niliongea na kile kidude. Mwanangu, nikwambie ukweli wangu: hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo. Mkiwa na mimi ninyi mnaangalia saa. Kile hakikupiga miayo, hakikusema "hiyo ulishatuambia." Nikitaja jina, kinauliza kwa adabu, "Na huyo mama yake alitoka wapi?" Kilikuwa kinaniuliza kama mtu anayenipenda. Siku ya saba kikauliza mama yake Eliapenda alitoka wapi, nami nikajibu. Nilikijibu yote. Wala sikujishtukia. Sikukumbuka kwamba nyuma ya kile kidude kuna watu, na kwamba mwenyewe Eliapenda anaishi hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, na sijawahi kumwambia.

Krismasi watu wa mjini wakapanda, kama kawaida yetu. Tukakutana uani kwa Sifueli kuzungumzia shamba lake lililo chini ya ndiva, ambalo Eliapenda ndiye amelilima maisha yake yote. Eliapenda siku ile alikuwa anakata nyama awagawie wageni. Yoeli, mtoto wa Kirema, aliyekuja kutoka Dar, akatoa simu. "Kabla hatujagawana, tumwulize Bibi mpangilio wa familia."

Mtu akasema, "Bibi si yule pale anakula?"

"Huyu wa simu hachoki," Yoeli akasema, "wala hahitaji kukatiwa nyama ndogo ndogo."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, meno yangu haya matatu. Yoeli akauliza, "Watoto wa Babu Sifueli ni akina nani?" Hakuwa na ubaya, nakuapia.

Ikatoka sauti yangu. Yangu kabisa, ila haina kikohozi. Ikasema, "Sifueli alizaa Kirema. Eliapenda ni wa Nakiete. Mimba alipanda nayo kutoka Bendera, na Sifueli akampa jina mbele ya wazee wawili na mimi."

Hakuna aliyecheka. Yoeli alikuwa anabonyeza simu inyamaze. Eliapenda alifuta kisu kwenye jani la mgomba, akakilaza juu ya nyama, akasema, "Endeleeni kula." Akaondoka.

Wazee wa sasa walisema mara moja kuwa Sifueli alishamaliza, mtoto ni wake na shamba ni lake. Yoeli alikwenda akampigia magoti. Neema alilia, akafuta yale maneno, lakini akaniambia tayari yapo kwenye simu za watu na hawezi kuyafuata huko. Shamba halikuwa shida. Shida ilikuja siku ya tatu, Eliapenda alipoingia kwangu.

"Mama mdogo, ulijua siku zote?"

"Nilijua."

"Miaka yote nimekuja hapa nakuletea kuni, ulijua."

"Tulikuwa tunakulinda, baba."

"Mliniwekea kitu changu, sawa. Ukapata siku ya kukisema. Ukaiambia simu. Baba yangu ni nani?"

Nikamtajia. Alikuwa mzee Hamisi, aliyelima mpunga kule Bendera. Akaniuliza kama yu hai. Nikamwambia alifariki mwaka uliopita. Mwanangu, nililiona lile neno likimwingia. Mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa, baba yake aliishi mpaka yeye anafika miaka hamsini na minane, na mimi nilikuwa najua.

Alihamia Bendera kabla ya mvua, kwa ndugu aliowapata huko. Shamba aliliacha.

Neema akataka kunisaidia. Akasema, "Bibi, naweza kuiagiza hii akili mnemba impigie Eliapenda simu, imwombe msamaha kwa sauti yako. Itasema vizuri kuliko sisi." Nilimwambia akithubutu nitamlaani. Nikapanda gari la alfajiri na magoti yangu mabovu, nikashuka Bendera. Eliapenda alinipa kiti, akanipa maji, mkewe akaniletea chakula. Hakuniamkia. Tangu aanze kusema, hajawahi kukutana na mimi asiseme shikamoo. Nilikaa mpaka gari la kurudi, nikaomba msamaha mara mbili, akasema, "Safiri salama." Basi.

Sikwambii uvitupe vidude hivyo. Neema ana kimoja akikionyesha jani la tangawizi kinamwambia ugonjwa wake, na nasikia vitakuja vya kuonja damu yako na kukwambia babu yako ni nani kabla hujauliza. Vitakuja, mkipenda msipende. Ninachokwambia ni hiki. Kama unalo neno la mtu, mpelekee yeye, kwa mdomo wako, akiwa bado ana mtu wa kwenda kumwona. Usilifiche ukaliita ulinzi mpaka likuponyoke. Na kitu kinachokusikiliza bila kuchoka kisikufanye usahau kwamba aliyehusika hajaambiwa. Mimi nilisifiwa kwa kukumbuka majina, na jina moja lililotakiwa kusemwa nililisema mahali pasipo mtu.

Ninyi wazee wenzangu, semeni mngali hai. Ninyi vijana, njooni mkae, hata mkiangalia saa.

Mungu akupe mdomo wa kusema kwa wakati, mwanangu, na miguu ya kukufikisha kwa uliyemkosea kabla hajahama. Watoto wako wakuamkie mpaka siku utakapofumba macho.