Asubuhi Mutua Alipomeza Dawa Bila Kulia

Juzi nilisimama kwenye foleni ya duka la dawa mjini Machakos. Mwuzaji alikuwa akitia maji kwenye chupa ya dawa ya mtoto, na harufu ikanifikia: harufu ya ndizi, lakini ndizi ambayo haijawahi kuzaliwa na mgomba wowote. Nilisahau nilichokuwa nimekuja kununua. Nilikuwa na miaka saba tena, nyumbani kwetu Mumbuni, na mdogo wangu Mutua alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda mlima mbio.

Mutua hakuwa ametimiza miaka miwili. Zahanati walisema ni nimonia. Walitupatia chupa yenye unga wa dawa, wakamwonyesha Baba namna ya kutia maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye mstari. Kipimo kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano kamili, hata kama mtoto ataamka siku ya tatu akicheza. Na akishindwa kunywa, au mbavu zikizidi kuzama anapovuta pumzi, tumrudishe mara moja.

Mama alifanya kazi kiwandani Athi River na alirudi Jumamosi, kwa hiyo dawa ilikuwa kazi ya Baba. Baba alikuwa mwashi. Viganja vyake vilikuwa vigumu hata nyuzi za blanketi zilinasa humo, na kile kijiko kidogo cha plastiki kilikaribia kupotea kati ya vidole. Lakini mngemwona akipima! Alipiga magoti mbele ya meza, akafumba jicho moja, akakitazama kijiko vile alivyotazama ukuta kwa pimamaji. Akishampa Mutua, alichora mstari mwembamba wa kalamu kwenye karatasi ya chupa, ajue dawa imefika wapi. Kisha aliisimamisha chupa ndani ya bakuli la maji baridi, kwenye kona isiyofikiwa na jua, kwa sababu friji hatukuwa nayo.

Mimi alinipa kazi moja: kutikisa chupa. Niliitikisa kwa mwili mzima, nikirukaruka, mpaka aseme, "Inatosha, Mwende, utaipa kizunguzungu."

Mutua hakudanganywa na harufu ya ndizi. Chini ya utamu ule kulikuwa na uchungu, naye aliujua. Kila kipimo alikipokea kwa mateke na kilio kilichowatoa kuku uani.

Asubuhi ya siku ya tatu, Baba akiwa nje ananawa, niliamua kumrahisishia kazi. Nikaitikisa chupa mapema, lakini sikukaza kifuniko. Dawa iliruka kwenye sweta yangu ya shule, nyingine sakafuni, na nilipotazama chupa, ilikuwa imeshuka chini kabisa ya mstari wa jana.

Mniamini, sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu unga ukitiwa maji, ukawa dawa. Basi nikachukua kile kijiko, nikachota maji kwenye dumu, nikatia kimoja, viwili, vitatu, vinne, mpaka nikaufikia mstari wa Baba sawasawa. Sakafu nikaipangusa kwa soksi. Hata nilijivunia kazi yangu.

Baba akaingia, akapiga magoti, akapima, akampa Mutua. Mutua akameza. Akalamba midomo.

Mama Kioko, jirani aliyetuangalia mchana, alikuwa amefika mlangoni. Akapiga makofi. "Aiya! Si amezoea! Leo hajapiga mtu teke!"

Baba hakucheka. Alimtazama Mutua, akaitazama chupa, akaiinua dirishani. Dawa ya manjano mazito ilikuwa imepauka.

"Hii imeingia maji," akasema.

"Si umuongeze kijiko kingine, Baba Mwende, ifidie."

"Siwezi. Sijui nitakuwa nampa nini."

Kisha akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa. Nyuma yake nilisikia pumzi ya Mutua, fupi fupi. "Mwende, mwana wakwa, mwanangu, niambie. Ulitia vijiko vingapi vya maji?"

"Vinne," nikasema huku nikilia.

"Maji ya wapi?"

"Ya dumu."

"Haya. Vaa viatu."

Alimfunga Mutua kifuani kwa leso ya Mama, jambo ambalo wanaume wa mtaa wetu hawakulifanya. "Niaje, Baba Mwende, siku hizi umekuwa mama?" kijana wa bodaboda akamtania. "Leo, ndiyo," Baba akajibu bila kupunguza mwendo. Nilikimbia nyuma yake, nikiwa na hakika kwamba Mutua atakufa na kwamba nimemuua mimi.

Zahanati, sista alipouliza kuna nini, Baba alinisogeza mbele. "Mwambie vile umeniambia." Nikarudia yote, hadi soksi. Sista alikisikiliza kifua cha Mutua kwa muda mrefu, akaichukua ile chupa tusiitumie tena, akatupatia nyingine. "Jioni mpe kipimo kile kile," akamwambia Baba. "Usimpe mara mbili kufidia cha asubuhi. Na mumalize siku zote."

Jioni hiyo Mutua alimpiga Baba teke la kidevu na kulia mtaa mzima ukasikia. Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Sasa hiyo ni dawa," akasema. Kesho yake mtoto alikuwa akikimbiza kuku, lakini Baba aliendelea kupiga magoti asubuhi na jioni, jicho moja limefumbwa, mpaka kipimo cha mwisho.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba yangu hakuwa mtu wa hasira. Krismasi iliyopita nikamwambia hivyo.

"Nani? Mimi?" akashangaa. "Siku hiyo nilikuwa na hasira ya kupasua jiwe."

"Sasa mbona hukunichapa?"

"Ningekuchapa," akasema, "ungeniambia ni vijiko vingapi?"

Nilikuwa nimedhani alinisamehe upesi. Kumbe alikuwa na mtoto mmoja ambaye pumzi yake ilitegemea maneno ya mtoto mwingine, naye akaizuia hasira yake nyuma ya meno, ili maneno yale yasiogope kutoka.