Nilimnyoosha mama wa rafiki yangu bega

Admin, jina langu ulifiche kabisa, maana Runyenjes ni mji mdogo na wateja wangu wanasoma hapa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, naandika mabango ya maduka. Kuchora sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa laptop ya mtumba yenye skrini iliyopasuka, na ninachopenda zaidi ni picha za miraba midogo, kama zile za michezo ya simu za zamani.

Tuko kumi na wanne kwa grupu ya WhatsApp ya wachoraji wa picha hizo, watu wa Embu na Meru. Sheria niliweka mimi. Aliyeleta picha hasemi kitu mpaka wote wamalize. Na anayekosoa asiseme tu ati haipendezi. Ataje ni miraba mingapi imekosewa na achore marekebisho juu ya picha hiyo hiyo. Nilichoka na watu wa kujitetea.

Mwenda wa Kaaga, kule Meru (si jina lake), ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Miaka miwili amenichambua bila huruma. Kuna siku aliniuliza, "Wee, askari wako ana magoti ama hiyo ni miguu ya meza?" Nilimeza, nikarekebisha, nikamshukuru. Alinijenga, siwezi kukataa.

Sasa siku moja akaleta picha ya mama mzee amesimama, amevaa leso, ameshika kikombe cha uji. Nikahesabu. Kichwa miraba minane, urefu wote arobaini na nane, vichwa sita kamili. Lakini bega la kulia lilikuwa chini kwa miraba mitatu, na mkono wa upande huo ulikuwa mfupi kwa miwili. Nikaandika hivyo hivyo. Nikainua bega, nikanyoosha mkono, nikapandisha kikombe. Jumla nilibadilisha miraba sitini na mmoja. Mmoja wetu akaandika, "Sasa huyo anasimama, bana. Yule wa kwanza ametoka kilabuni." Nikaweka emoji tatu za kicheko.

Mwenda alinyamaza, kama sheria ilivyotaka. Kesho yake akaandika "Asanteni," akatoka kwa grupu. Nikadhani amekasirika kwa sababu safari hii ni yeye aliyekosolewa.

Wiki tatu baadaye tukasikia amefiwa na mama yake. Nikaenda mazishi. Karibu na jeneza kulikuwa na picha kubwa ya marehemu, na bega la kulia lilikuwa limeshuka. Ni yule yule mama wa kikombe cha uji. Dada yake Mwenda, nimwite Kendi, akaniambia mama alikuwa amepooza upande huo kwa miaka mitatu, na Mwenda ndiye alikuwa akimlisha na kumwogesha.

Nilimfuata Mwenda kando ya hema. "Pole. Mimi sikujua."

"Ulihesabu sawa," akasema. "Hukukosea hata mraba mmoja." Akageuka kusalimia wazee.

Tangu hapo hapokei simu yangu, na nasikia hachori tena. Angenitumia neno moja pembeni, ningefuta kila kitu. Mbona mimi nilivumilia yake yote? Halafu nakumbuka vile vicheko nilivyoweka.

Shida yenyewe ni hii. Siku ile ya mazishi Kendi aliuliza kama mimi pia nachora. Nikamwonyesha picha zote mbili kwa simu, nikitaka kukiri nilichofanya. Hakuningoja nimalize. Aliweka kidole kwa ile yangu akalia. "Huyu ndiye mama aliyenilea. Huyo mwingine ni ugonjwa." Anataka niichapishe kubwa, itundikwe sebuleni, kwa nyumba ile ile Mwenda anaishi. Sikuweza kumwambia vile ilimuumiza kaka yake. Leo ameniandikia tena, "Dada, usinisahau. Jumamosi tuna maombi na wageni wanakuja."

Nikimpa, Mwenda atakuwa anaamka kila asubuhi akitazama mama niliyemsahihisha. Nikikataa, Kendi ataniuliza sababu, na itabidi nimweleze ati ile aliyoita ugonjwa ndiyo kaka yake alichora kwa mapenzi.

Nishaurini, ndugu zangu. Nimpe Kendi mama yake, au nimwachie Mwenda wa kwake?