Nta Ndani ya Injini

Pikipiki iliyolala muda mrefu hufa kwa kutu. Ndivyo nilivyotarajia siku mama mmoja kutoka Sikonge aliposhusha mlangoni kwangu, Mtendeni, pikipiki ya mashindano ya marehemu kaka yake. Ilikuja juu ya lori la mkaa, imefungwa kwa kamba za mkonge, na vumbi lilikuwa limeiparamia kiasi kwamba rangi yake sikuijua mpaka siku ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Mbona mdogo?"

"Nimezeekea ndani, mama."

Hakucheka, lakini alikaa kwenye benchi, nikajua kazi nimepewa.

Usukani wa pikipiki ile ulikuwa umeinama chini kuelekea gurudumu la mbele, na kiti kilikuwa na nundu kwa nyuma, ya kumzuia mpandaji asiteleze. Haikuwa na taa wala honi. Hata kiki ya kuiwashia haikuwepo. Pikipiki nyingi za mbio za zamani zilitengenezwa hivyo: kila kilichoweza kuachwa kiliachwa, ili iwe nyepesi. Huwashwa kwa kusukumwa, gia ikiwa imeingia na klachi imebanwa, kisha klachi huachiwa mwendo ukishapatikana. Kaka yake aliikimbiza ujanani kwenye barabara za vumbi upande wa Kigwa, na msukumaji alikuwa yeye, dada mtu, sketi ameikunja magotini.

Alinieleza shida yake bila kuzungusha. Kwenye kikao cha kumaliza matanga, mtoto wa marehemu, kijana mwenye duka hapa mjini, alisema ameshapata mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama akakataa. Wakabishana hadi wakafika mahali pa katikati: Jumamosi ya wiki inayofuata, mnunuzi akija na lori lake, pikipiki ikitembea yenyewe itabaki kwa shangazi. Isipotembea, itapakiwa.

"Utaipanda, mama?" nilimuuliza.

"Nipande niende wapi? Nataka iwepo."

Injini ya zamani usikimbilie kuiwasha. Anza kwa kuuliza ndani yake kuna nini. Nilifungua plagi nikateremsha bisibisi nyembamba taratibu, nikitegemea iguse kichwa cha pistoni. Haikugonga chuma. Ilizama kwenye kitu laini, na nilipoitoa ilikuwa imeshika uji mgumu wa njano. Nikanusa. Ilikuwa nta ya nyuki.

"Nani amemimina nta humu?"

"Mwenyewe," alisema mama. "Siku alipoacha mbio. Alisema kutu isije ikamla mnyama wake."

Kwa watu wa Sikonge hilo si jambo la ajabu. Nta wanaizibia nyufa za mtungi, wanaipaka uzi wa kushonea ngozi, wanaisugua kwenye mpini wa shoka usipasuke. Marehemu alikuwa mrina asali, na mrina mwenye nta tele na injini asiyotaka ioze alifanya alichokijua. Aliyeyusha, akamimina kwenye silinda, kwenye kabureta, kwenye gia, na kokote alikoona tundu.

Fundi wa kuchomelea, jirani yangu, alikuja kuchungulia. Yeye ni Mgogo, na mama ni Mnyamwezi. Hao ni watani, na mtani hasubiri kukaribishwa.

"Nyie Wanyamwezi mmezidi," alisema. "Mmemaliza miti yote ya kutundika mizinga, sasa mnatundika hadi kwenye pikipiki?"

"Afadhali sisi," mama akamjibu. "Nyie wafugaji mngeifunga kamba shingoni mkaipeleka malishoni."

"Ingenenepa."

"Ingeumwa na ndorobo ikafa."

Nilifungua injini yote na kupanga vipande juu ya gunia kwa mpangilio niliovitolea, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia. Hilo nawaambia wote wanaoanza kazi hii: usitegemee kukumbuka, tegemea mpangilio. Mikono ya ajabu haihitajiki. Inahitajika subira ya kuweka nati pembeni ya bolti yake.

Nta haitaki nyundo wala patasi, inataka joto. Tulikata pipa nusu, tukajaza maji, tukawasha kuni, tukazamisha vyuma. Petroli yote niliiweka mbali, nyuma ya nyumba, maana moto na petroli havikai uwanja mmoja. Maji yalipokaribia kuchemka, nta ilianza kupanda juu kama mafuta ya mchuzi, na mama akawa anaiengua kwa upawa na kuimwaga kwenye sufuria yake. Chuma kilichotoka chini yake kilikuwa kinang'aa. Pistoni haikuwa na doa. Marehemu hakuwa amekosea kabisa.

Kisha wakaja nyuki. Ilikuwa kiangazi, maua yamekwisha porini, na harufu ya nta ya moto ilikuwa imesambaa mtaa mzima. Walianza wachache, wakazidi, mpaka fundi wa kuchomelea akajifungia stoo kwake na miwani yake ya kazi usoni.

"Mtani, waambie ndugu zako waondoke!" alipiga kelele kutoka ndani.

"Wanakutafuta wewe. Wamesikia unawasema."

Mama alifunika pipa kwa bati, akatupa majani mabichi kwenye moto moshi utande, akatuambia tusipunge mikono. Tukakaa kimya kwenye moshi, macho yanatutoka machozi, hadi wakatawanyika. Tangu hapo tulichemsha alfajiri tu, kabla nyuki hawajatoka.

Injini niliiunganisha tena, ikakaa vizuri. Nilisugua pointi za cheche kwa msasa laini, plagi ikatoa cheche ya bluu. Tenki tulilisuuza kwa maji ya moto, nta ikatoka nyingi, nikaona limetosha. Ijumaa nikachanganya petroli na mafuta, kwa sababu injini ya aina hiyo hulainishwa na mafuta yaliyomo ndani ya petroli yenyewe, nikajaza. Tukasukuma mimi na jirani. Ilikohoa, ikazima. Tukasukuma tena, haikusema kitu.

Nilipofungua kabureta nilikuta kitundu kidogo cha kupitishia petroli kimeziba kwa utando wa njano. Nikaelewa. Maji ya moto yanayeyusha nta yanapofika, na kwenye mikunjo ya bati la tenki hayakufika. Petroli ndiyo iliyofika, ikaimomonyoa polepole na kuibeba. Tulipokuwa bado tunatazama kabureta, tone likaanguka chini, na jingine. Kumbe kutu ilikuwa imeshatoboa tenki kwenye maungio siku nyingi, na ni ile nta iliyokuwa imeziba.

"Chomelea," mama alimwambia mtani wake.

Safari hii hakuleta utani. "Siwezi, mama. Tenki lililobeba petroli lina mvuke. Nikiligusa na moto sasa hivi, linalipuka na mimi. Lioshwe kwa sabuni, likauke siku kadhaa, ndipo nilichomelee likiwa limejaa maji."

Siku kadhaa hatukuwa nazo. Mama alikaa kwenye benchi akilitazama tenki. Ndipo nikafanya wanachofanya bodaboda wote tenki linapowasumbua: nikachukua chupa ya maji ya kunywa, nikaifunga kwenye fremu kichwa chini, nikatoboa kitako ipumue, nikazibua kabureta, nikaunganisha mpira hadi humo, nikaijaza chupa petroli yenye mafuta.

Kijana wa marehemu alifika Jumamosi asubuhi, shati limepigwa pasi, simu mkononi. Akaamkia, akasema lori la mnunuzi liko njiani, akaizunguka pikipiki, akasimama mbele ya chupa.

"Shangazi, tulisema itembee yenyewe. Hii mmeitundikia dripu."

"Kwani mwenye dripu hatembei?" fundi wa kuchomelea akadakia. "Nimewaona wodini wanaenda nayo chooni."

"Halafu haina kiki. Kitu cha kusukumwa kinatembeaje chenyewe?"

"Baba yako alishindana nayo miaka yote," mama alisema, "na haikuwahi kuwaka bila mtu nyuma. Mtu huyo nilikuwa mimi."

"Sasa hivi nani atasukuma?"

Mama alikaza kanga kiunoni, akaenda nyuma ya pikipiki, akaweka viganja vyote viwili juu ya nundu ya kiti. Mimi nilikuwa nimeshapanda. Jirani akasogea kumsaidia, mama akamzuia kwa jicho. Wapita njia wakaanza kusimama. Kijana akatazama kushoto na kulia: shangazi yake, dada wa baba yake, anainamia pikipiki barabarani na yeye amesimama na simu.

"Aa, shangazi, hapana. Toka. Toka huko."

Akampa shangazi simu aishike, akasukuma yeye. Nikaachia klachi, gurudumu likakwama, ikapiga kikohozi kimoja. "Kimbia!" mama akapiga kelele. "Baba yako hakusukumwa kwa matembezi!" Akakimbia. Nikaachia tena, na injini ikashika.

Niliipeleka hadi lami inapoishia, nikageuza taratibu nikiangalia chupa, nikarudi. Moshi wake ulinukia asali kidogo. Nilipozima, kijana alikuwa ameshika magoti, jasho limemaliza kazi yote ya pasi.

"Mlio wake ndio huo?" aliuliza.

"Huo huo," alisema mama.

"Niliusikia nikiwa mdogo. Nilijua ni mashine ya kusaga."

Akachukua simu yake, akampigia mnunuzi pale pale mbele yetu. "Mzee, ile pikipiki haipo tena kwenye mauzo... Hapana, sijampa mwingine. Ni ya shangazi." Akasikiliza kidogo, akitazama ukuta. "Basi usirudi mtupu. Nina jenereta dukani, hilo limekufa kabisa."